Kabla ya kununua impakti, geuza betri uisome

Mwalimu wa sekondari anayeishi Busia, upande wetu wa Uganda, anauliza: "Nina drili ya Makita ya volti 18 niliyoletewa na kaka yangu kutoka Dubai, ina betri mbili. Nina pia grainda ya INGCO ya volti 20 yenye betri moja. Sasa nataka impakti, ile mashine ya kugonga, ya kufungulia nati za magurudumu ya Ipsum yangu, na nikipata nafasi nimalizie banda la kuku. Muuzaji wa kwanza ananiambia 18 na 20 ni kitu kilekile, betri zangu zitaingia tu. Wa pili anataka ninunue adapta. Wa tatu ana mashine iliyoandikwa 588VF, ina betri mbili na mkoba wake, na bei yake haifiki hata ya betri moja ya Makita. Niamini nani? Au nimwagize kaka aniletee?"

Mwalimu, kabla hujarudi kwa yeyote kati ya hao watatu, chomoa betri kwenye drili yako, igeuze, usome lebo. Tafuta namba inayoanza na BL18. Kama inaishia na herufi G, kwa mfano BL1813G au BL1815G, drili yako ni ya familia ndogo ambayo Makita waliitengenezea kazi nyepesi za nyumbani, na betri hiyo haiingii kwenye impakti nyingi za Makita utakazoonyeshwa dukani. Kama haina G mwishoni, ni BL1830, BL1840B, BL1850B au namba ya namna hiyo, basi uko kwenye familia kubwa ya LXT iliyoanza mwaka 2005, na shida yako imekwisha zaidi ya nusu. Utanunua mwili wa mashine peke yake, bila betri wala chaja, na utaitumia siku hiyohiyo.

Zote mbili zimeandikwa Makita. Zote ni volti 18. Rangi ni zilezile. Lakini ukijaribu kuisukuma betri ya G kwenye mashine ya LXT, haiendi. Drili ya HP457D, kwa mfano, ni ya familia ya G, na nimekutana na watu wengi waliokuwa nayo nyumbani bila kujua, mpaka siku waliponunua mashine ya pili.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na ndio utakaoongoza majibu yote yanayofuata: anayenunua mashine ya betri ananunua kwanza familia ya betri. Mashine ikichakaa utaibadilisha, lakini betri na chaja ulizonazo ndizo zitakazoamua utanunua nini miaka mitano ijayo. Kwenye chapa zinazojulikana, betri mbili na chaja mara nyingi zinagharimu kuliko mashine yenyewe. Nasikitika sana nikimkuta mtu wa mshahara wa kawaida ana chaja za chapa tatu mezani, betri za kila namna, na hakuna hata moja yenye uhai wa kumaliza kazi.

Sasa tuje kwa wauzaji wako, mmoja mmoja.

Wa kwanza amesema kweli kuhusu volti. Ndani ya betri ya aina hii kuna seli tano za lithiamu zilizofungwa mfululizo. Kila seli huhesabiwa volti 3.6, tano zinafanya 18. Seli hiyohiyo ikitoka kwenye chaja ina volti 4.2, kwa hiyo betri iliyojaa hupima karibu 21, na ikianza kazi hushuka kwenye 20 na kuendelea kushuka. Kiwanda kimoja kinaandika 18, kingine 20, na ndani hesabu ni moja. DeWalt wanauza betri ileile Marekani kwa jina la 20V MAX na Ulaya kwa jina la 18V XR.

Lakini volti kulingana hakutoshi. Pale betri inapoingilia pana reli mbili, kikufuli chake, na vipande vya shaba vinavyogusana, na kila kampuni ina mpangilio wake wa hivyo vyote. Mbali na ncha ya chanya na ya hasi kuna ncha nyingine ndogo. Hizo ndizo betri inazotumia kuieleza mashine na chaja hali yake: joto limefika wapi, seli gani imeishiwa, ni wakati wa kusimama au bado. Betri yako ya Makita haitaingia kwenye mashine ya INGCO, wala ya INGCO haitaingia kwenye Makita, hata namba za volti zifanane vipi. Tena usitegemee jina la chapa pekee. Bosch wana mashine za kijani za nyumbani na za buluu za mafundi, zote volti 18, na betri zake hazibadilishani. Makita wana familia nyingine ya volti 40 iitwayo XGT, nayo haipokei betri za LXT. Upande mwingine, Ryobi wameshikilia umbo moja la betri kwenye familia yao ya ONE+ tangu 1996, kwa hiyo mtu mwenye mashine yao ya zamani bado anapata betri ya kuiweka. Uaminifu wa namna hiyo kwa mteja ndio ninaoutafuta kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Kuhusu adapta ya muuzaji wa pili. Nimezifungua kadhaa mezani kwangu. Ukiondoa skrubu nne za chini unakuta plastiki tupu na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, basi. Zile ncha ndogo hazikuunganishwa popote. Maana yake betri na mashine havijuani tena. Kwenye familia nyingi, LXT ikiwemo, mashine ndiyo inayokata umeme pale betri inapokaribia kuisha, kwa sababu imepokea habari kutoka kwenye betri. Weka adapta katikati, habari hiyo haifiki, na mashine itaendelea kunyonya mpaka seli moja iliyo dhaifu kuliko wenzake ishuke chini kabisa.

Seli ya lithiamu haitakiwi kushuka chini ya volti 2.5 hivi. Ikishushwa zaidi ya hapo, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka, na siku utakapoichaji tena shaba hiyo hujijenga mahali isipotakiwa na inaweza kuleta shoti ndani kwa ndani, mahali ambapo fyuzi haifiki. Siku hiyo betri itakuwa kwenye chaja, sebuleni kwako, pengine usiku. Impakti nayo inavuta umeme mwingi kwa mkupuo kuliko drili, kwa hiyo udhaifu wowote wa mguso kwenye adapta unageuka joto. Nimeona plastiki ya adapta iliyolainika na ncha zilizobadilika rangi kuwa za buluu. Kwa impakti sikushauri kabisa, Mwalimu, hata ukipewa bure.

Wa tatu ndiye wa kumjadili kwa kirefu, kwa kuwa mashine zake zimejaa masokoni kuanzia Kampala hadi mipakani, na bei yake inavutia kweli.

Hiyo 588VF si volti. Utakuta nyingine zimeandikwa 48VF, nyingine 98VF, nyingine 288VF. Ni majina ya modeli yaliyochaguliwa ili mnunuzi adhani ni volti. Fungua betri zake, ndani ni seli tano mfululizo, volti 21 zikiwa zimejaa, sawa na yako ya Makita. Tofauti iko kwenye ubora wa seli na idadi yake. Wengi wa wanaozitengeneza wameiga pia umbo la betri ya LXT, na ndiyo maana muuzaji anaweza kukuthibitishia mbele ya macho yako kwamba betri yake inaingia kwenye Makita. Kuingia inaingia. Lakini zile ncha za mawasiliano aghalabu ni mapambo tu, na kinga ya ndani ni hafifu au haipo.

Hapa kuna hesabu ambayo muuzaji hawezi kuipinga. Seli zinazotumika zaidi huitwa 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Seli ya ukubwa huo, hata iwe bora namna gani, haizidi ampea-saa (Ah, kipimo cha umeme unaoingia ndani yake) 3.5 hivi, na zile zenye uwezo wa kutoa umeme mwingi kwa mkupuo, ambazo impakti inazihitaji, kwa kawaida ni 2 hadi 3. Betri nyembamba yenye safu moja ya seli tano haiwezi kuzidi hapo. Betri nene yenye safu mbili, seli kumi, huishia kwenye 4, 5 au 6. Ukiona betri ndogo ya safu moja imeandikwa 6.0Ah, au nene ya kawaida imeandikwa 15, andiko hilo ni la uongo na huna haja ya kubishana naye. Zipo seli kubwa zaidi, za 21700, zinazofikisha betri ya seli kumi kwenye 8 au 10, lakini betri hizo huonekana kwa unene na huhisiwa kwa uzito.

Uzito ndio kipimo changu ninachokipenda, kwa kuwa hakihitaji kifaa cha fundi. Iombe betri, nenda nayo kwenye duka la jirani linalouza sukari na maharage, iweke kwenye mizani. Seli moja ya 18650 ina gramu 45 hadi 50. Kumi zinakaribia nusu kilo, na ukiongeza ganda, bodi na vipande vya nikeli, betri halisi ya Makita ya 5.0 inafika kama gramu 630. Betri inayojiita 6.0 halafu mizani ikasoma gramu 350, ndani kuna seli tano tu, na ganda kubwa lililojaa hewa. Muuzaji mwaminifu hatakataa kukupa betri uipime. Anayekataa amekwisha kukujibu.

Kipimo kingine kiko kwenye lebo. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa: 18 mara 5 ni 90. Betri halisi ya 5.0 itaandikwa 90Wh. Kwenye betri za kuiga mara nyingi namba hizi hazioani, na aliyechapisha lebo hakujali. Ukiwa na rafiki fundi wa simu mwenye mita, betri iliyotoka kwenye chaja isome volti 20.5 hadi 21. Ikisoma 19 wakati taa ya chaja imesema imejaa, kuna seli iliyokwisha choka.

Idadi ya seli inagusa hata nguvu ya mashine, na hili wanunuzi wengi hawaambiwi. Seli kumi katika safu mbili zinagawana mzigo kama watu wawili waliobeba gunia moja: kila mmoja anabeba nusu, hakuna anayepiga magoti. Impakti inapogonga nati ngumu, betri ya safu moja volti zake zinaporomoka, mota inapunguza mwendo, na mapigo yanakuwa dhaifu. Weka betri ya safu mbili kwenye mashine ileile, nati ileile inatoka. Kwa hiyo kama betri zako ni za LXT na moja ni ndogo ya 1.5 na nyingine ya 3.0, ndogo iache kwenye drili, na 3.0 au zaidi ndiyo uitumie kwenye impakti. Namba za mwisho kwenye jina ndizo zinazokuambia: BL1815N ni 1.5, BL1830 ni 3.0, BL1850 ni 5.0. Na utafute alama ya nyota ya manjano kwenye betri. Mashine nyingi za karibuni za LXT zinaidai, na betri nyembamba za zamani zisizo na nyota zinazuiwa na umbo lenyewe la plastiki zisiingie.

Sitasema mashine ya 588VF haifanyi kazi. Inafungua nati, na nyingi zina mota isiyo na brashi ambayo si mbaya. Mtu anayefungua magurudumu mawili kwa mwaka anaweza kukaa nayo. Ninachokikataa ni kuingiza kwenye nyumba yenye watoto betri ambayo hakuna anayejua seli zake zilitoka wapi. Kama utaichukua licha ya maneno haya, basi chaja yake iwe ya betri zake tu, na chaja yako ya Makita iwe ya betri halisi tu. Usichanganye. Chaja nyingi za bei ya chini hazisomi joto la betri. Zinasukuma umeme mpaka volti zifike, betri iwe imechemka au haijachemka.

Sasa nguvu ya mashine yenyewe. Nati za magurudumu za Toyota ndogo, Ipsum yako ikiwemo, zinatakiwa kukazwa kwa nyutoni mita 103. Hizo ni sawa na kuegemea kwa uzito wa kilo 21 mwishoni mwa spana ya nusu mita. Ni kazi ya mkono wa kawaida, wala haihitaji mtu mwenye misuli. Lakini wewe unajua gurudumu linavyofungwa kando ya barabara. Kijana wa kilo 70 anapanda juu ya wili spana ya sentimita 40 na kusimama kwa miguu miwili. Piga hesabu: anafikisha nyutoni mita 270 na ushee, na akirukaruka anazidi. Ongeza vumbi jekundu la murramu na kutu ya misimu miwili ya mvua. Nati hiyo ndiyo utakayokutana nayo, na si ile ya kwenye kitabu cha gari.

Kwa sababu hiyo impakti ndogo kama DTW190 ya Makita, ambayo mwisho wake ni nyutoni mita 190, itakuaibisha siku unayoihitaji. Upande wa pili kuna DTW1002 ya nyutoni mita 1000, inayozidi kilo tatu ukiwa umeishika mkononi. Hiyo ni ya malori na matrekta, na nguvu zake zinaweza kukata stadi, ile bolti inayoshika nati, ya gari dogo kabla hujatoa kidole kwenye swichi. Yako ni ya kati: DTW300, yenye nyutoni mita 330 za kukazia na zaidi ya hapo za kufungulia, au mashine ya chapa nyingine iliyo kati ya 300 na 450. Makita wakiongeza Z mwishoni, DTW300Z, wana maana ya mwili bila betri, na hiyo ndiyo unayotaka kama una betri za LXT. Angalia pia namba gani ya nguvu unatajiwa. Kuna ya kukazia na kuna ya kufungulia, na ya kufungulia siku zote ndiyo kubwa. Muuzaji atakutajia kubwa. Wewe linganisha mashine kwa ya kukazia.

Ukiishika kwa mara ya kwanza utashangaa kwamba haikupindi mkono. Ndani kuna nyundo ya chuma inayozunguka na kusukumwa na springi. Nati ikiwa laini, nyundo inazunguka nayo bila kelele. Nati ikikataa, nyundo inarudi nyuma, inateleza juu ya meno, kisha inarushwa na springi na kupiga, na inarudia hivyo maelfu ya mara kwa dakika. Mapigo hayo ndiyo yanayovunja kutu, na kwa kuwa ni mafupi sana mkono wako haubebi nguvu yote. Kelele yake lakini ni kubwa, inavuka desibeli 90, kwa hiyo ziba masikio na vaa miwani.

Soketi usizitoe kwenye kile kisanduku cha soketi zinazong'aa. Hizo ni za mkono, na zikipigwa na impakti zinaweza kupasuka na kurusha vipande. Nunua soketi nyeusi za impakti, za mdomo wa nusu inchi, namba 21 kwa Ipsum. Kama unategemea kumsaidia jirani mwenye Subaru au Honda, ongeza 19. Kama una rimu za alumini, tafuta zenye ukuta mwembamba na gamba la plastiki nje, zisiikwaruze rimu.

Kufungua ni rahisi: weka jiwe au kabari nyuma ya magurudumu mengine, breki ya mkono juu, legeza nati gari likiwa bado chini, ndipo upandishe jeki, na chini ya jeki weka kipande cha ubao mnene kama uko kwenye udongo. Kwenye kufunga ndiko nataka uniahidi kitu. Nati zianze kwa vidole, zote, mizunguko mitatu au minne. Kisha impakti kwenye mwendo wa chini kabisa, kwa kuruka moja kwenda ya mkabala, na uiachie mara tu inapotoa pigo la kwanza. Teremsha gari, halafu malizia kwa toki renchi, ile spana ndefu inayopima nguvu na kutoa mlio ikifika namba uliyoiwekea: 103. Usipokuwa nayo, tumia wili spana yako kwa mkono, ukiwa umesimama chini, bila kuipanda. Baada ya kilomita 50 hadi 100 rudia kuzipima.

Nalisisitiza hili kwa sababu mashine ya nyutoni mita 330 ikiachiwa kukaza mpaka itakaposhindwa, inavuta stadi ikarefuka, inapinda diski ya breki ukaanza kusikia usukani unatetemeka ukikanyaga breki, na siku tairi itakapopasuka usiku barabara ya Tororo, impakti ikiwa nyumbani, hakuna mkono wa mtu utakaofungua nati hizo. Mashine ya kufungulia haina uwezo wa kupima. Wenye gereji wengi hawataki kusikia hili, lakini gari ni lako.

Banda la kuku halihitaji impakti hii. Kwa misumari ya skrubu na mabati, drili yako inatosha. Ukijikuta una mbao nene na bolti ndefu nyingi, ipo mashine ndogo ya jamaa hiyohiyo yenye mdomo wa pembe sita wa robo inchi, nayo inapatikana kama mwili mtupu.

Sasa, itakuwaje ukigeuza betri ukakuta G? Hapo ningekushauri usimame upande wa INGCO. Grainda unayo, betri moja unayo, vifaa vyao vimeenea, na kwa mtu wa nyumbani impakti yao ya volti 20 ya nusu inchi itafanya kazi ya Ipsum bila shida. Nenda dukani na betri yako mkononi. Iingize kwenye mashine unayoitaka, bonyeza swichi, na uombe wakufungie nati moja kwenye kipande cha chuma uone inapiga. Usikubali kuambiwa "ni chapa moja, itaingia". Iingie mbele yako. Kisha ongeza betri ya pili ya 4.0 au zaidi kutoka kwao, itasaidia na grainda, ambayo nayo ni mlafi wa umeme. Drili ya G iendelee na kazi zake nyepesi mpaka betri zake zife, na zikifa usizinunulie nyingine. Badala yake chukua mwili wa drili wa INGCO. Taratibu utakuwa umebaki na familia moja.

Kuna jambo moja la kukataa hata likitoka kwa fundi unayemwamini: kubadilishiwa seli za betri kwa seli zilizotolewa kwenye kompyuta za zamani. Umbo ni moja, 18650, lakini zile ziliundwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi. Impakti inazidai mkupuo, nazo zinachemka.

Kuchaji hakutakugharimu. Betri ya 5.0 inakula takriban sehemu ya kumi ya yuniti moja ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, na ukiongeza hasara ya chaja bado hutaiona kwenye mita. Kinachoharibu ni umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, kwa hiyo ukikatika chomoa chaja, subiri urudi na utulie ndipo uchomeke tena. Chajia sakafuni kwenye saruji, mbali na godoro, zulia na mapazia, ukiwa macho. Betri iliyotoka kazini ikiwa moto iache ipoe kwanza. Usiiache kwenye buti la gari juani. Joto la ndani ya gari lililoegeshwa mchana linaizeesha betri kuliko kazi yenyewe. Kama hutaitumia kwa miezi, ihifadhi ikiwa nusu, si tupu, na uiangalie mara moja moja. Ikianza kuvimba, kunuka kama rangi ya kucha, au kuchemka bila kazi, itoe nje ya nyumba na isirudi kwenye chaja tena.

La mwisho ulilouliza: kaka yako. Dubai ni mahali pazuri pa kuagizia, kwa kuwa umeme wao na plagi yao ya pini tatu vinafanana na vyetu, na chaja ya huko utaichomeka Busia bila transfoma. Si hivyo kwa ndugu aliye Marekani: chaja ya huko ni ya volti 120, ukiichomeka kwenye 240 zetu itaungua papo hapo. Ya Japani ni ya volti 100. Hata ya Uingereza isome kwanza, maana kwenye maeneo ya ujenzi wao hutumia vifaa vya volti 110 vyenye plagi kubwa ya manjano, na baadhi huishia kwenye makontena ya mitumba. Lebo ya chaja inapaswa kusema 220–240V.

Mwambie alete mwili mtupu kama betri zako ni LXT, na kama ataongeza betri, iwe ya 5.0 na siyo ya 6.0. Sababu ni ya uwanja wa ndege. Betri ya lithiamu isiyofungwa kwenye mashine haipakiwi kwenye mzigo wa chini. Inasafiri kwenye begi la mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Mpaka wati-saa 100 inapita bila kuomba ruhusa, na kati ya 100 na 160 ni lazima shirika la ndege likubali kwanza. Betri ya 5.0 ina 90. Ya 6.0 ina 108, na anaweza kulazimika kuiacha kwenye dawati la ukaguzi. Kabla hajalipa, mpigie picha lebo ya betri yako na umtumie, aionyeshe dukani, na aombe impakti yenye kupokea betri ya namba hiyo.